Karatasi ya Webuye, Kioo cha Kindle

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma kwa matatu, kupitia Kiminini na Kamukuywa, utafika Webuye. Hapo, karibu na Mto Nzoia, ndipo Pan Paper ilipoanza kutengeneza karatasi za kuandikia na kuchapia mwaka 1974. Kiwanda kilijulikana kwa pua kabla ya macho: harufu ya mayai viza, hadi ndani ya mathree.

Mimi husoma sana njiani, na nikilinganisha vifaa vya kusomea vitabu naanzia 2009. Januari mwaka huo Pan Paper ilifungwa, ikiwa imelemewa na madeni, la stima likiwemo. Oktoba, Amazon ikaanza kuuza Kindle nje ya Marekani, katika nchi zaidi ya 100. Moja haikusababisha nyingine. Lakini katikati yake, Julai, Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwa Kindle za watu waliokuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, sawa. Lakini hebu fikiria mwenye duka la vitabu akiingia kwako usiku na kuchukua kitabu mezani, hata akikuachia noti.

Kwa safari, hivi vifaa vinashinda simu, wacha tuseme ukweli. Wino wake wa kielektroniki ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme. Ukurasa ukishatulia, hautumii chaji. Ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa, na jua la dirishani halikusumbui. Simu nayo unaihitaji kwa M-Pesa ukishuka. Mvua ya Kitale pia si tatizo: Kindle Paperwhite haiogopi maji tangu toleo la 2018, na Kobo kadhaa ni hivyo hivyo.

Tofauti iko kwa umiliki. Kobo hufungua faili za EPUB moja kwa moja. Kindle hupokea EPUB ukiituma kupitia huduma ya Amazon, tangu 2022. Februari 2025, Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya. Kwa hivyo mimi nachagua Kobo, na faili zangu naziweka mahali pengine pia.

Nyumbani bado nasoma karatasi. Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake Kitale mwaka 1926, akakusanya wadudu, ndege na vitabu hadi alipofariki 1966. Mkusanyo wake ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, mwaka ule ule Pan Paper ilipoanza kazi. Vitabu vyake havikuhitaji akaunti ya mtu.

Pan Paper ilipozimika, daftari zilizokuwa zimeshatoka ziliendelea kusomeka. Basi kabla hujanunua kifaa chochote, uliza: hii kampuni ikizima kesho, nitabaki na nini mkononi?