Kina Kilipoachwa: Safari ya Virgil Kuingia Kiingereza

Aghalabu, zinapotajwa habari za shairi la Kiingereza lisilo na vina, majina yanayotangulia ni Shakespeare na Milton, kana kwamba wao ndio walioanza kuifungua kamba ya kina. Ukweli ni kwamba mtindo huo ulikuwa na umri wa takriban nusu karne Shakespeare alipoanza kuandika. Wala haukuzuliwa na malenga aliyetaka kuwapinga wahenga wake. Ulitokana na kazi ya tafsiri, watu watatu waliposhindana, kila mmoja kwa wakati wake, na kitabu kimoja cha Kilatini.

Kitabu hicho ni Aeneid, utungo mrefu wa sehemu 12 na mistari karibu 10,000, ambao Virgil aliuacha haujakamilika alipofariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Utungo huo hauna vina. Wizani wake hutokana na mpangilio wa silabi ndefu na silabi fupi, jambo ambalo Kiingereza hakina namna ya kuliiga sawasawa. Basi kila aliyetaka kuutafsiri alilazimika kuamua mapema ni kitu gani atakubali kukipoteza.

Wa kwanza, William Caxton, alipoteza ushairi wenyewe. Yeye ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa Uingereza mwaka 1476, na mwaka 1490 alitoa Eneydos, kitabu cha nathari alichokitafsiri kutoka masimulizi ya Kifaransa, si kutoka Kilatini cha Virgil. Katika dibaji yake alisimulia kisa cha wafanyabiashara waliokwama kwa kukosa upepo karibu na mlango wa mto Thames. Mmoja wao aliteremka pwani akaomba mayai. Mwenye nyumba akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Yule bwana alighadhibika, maana hata yeye hakukijua. Kiingereza chake tu ndicho kilichokuwa cha lahaja nyingine. Mwenzake alipolitaja yai kwa neno la upande ule, mama yule akaelewa mara moja. Caxton akauliza: mwandishi ashike neno lipi? Msomaji wa pwani, anayejua umbali uliopo kati ya Kiamu, Kimvita na Kiunguja, hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo.

Wa pili alikuwa Gavin Douglas, kasisi wa Uskoti aliyekuja kuwa askofu wa Dunkeld. Alikikemea vikali kitabu cha Caxton, akasema kinafanana na Virgil kama shetani anavyofanana na mtakatifu Augustino. Yeye alikwenda kwenye Kilatini chenyewe, na tarehe 22 Julai 1513, baada ya kazi ya miezi 18, akakamilisha Eneados katika lugha aliyoiita Kiskoti. Alitumia mistari ya mizani kumi iliyofungwa kwa vina viwili viwili. Hakuificha taabu yake. Alijifananisha na kiumbe aliyefungwa kwenye kigingi, asiyeweza kwenda mbali zaidi ya kukizunguka. Naye, alisema, amefungwa vivyo hivyo kwa maneno ya Virgil. Tena alikiri kwamba mara nyingine ilimbidi aongeze neno ambalo Virgil hakulisema.

Kazi ya Douglas ilienea kwa hati za mkono. Mwandishi wake, Matthew Geddes, aliandika nakala ambayo hadi leo imehifadhiwa katika chuo cha Trinity, Cambridge. Douglas alijua vyema hatari ya kunakiliwa, ndiyo maana aliwasihi wanakili wasiiharibu mizani yake. Alifariki London mwaka 1522, na kitabu hakikupigwa chapa ila mwaka 1553, huko huko London. Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kuuacha Ukatoliki. Mchapaji alibadilisha au kufuta mahali palipotajwa Bikira Maria na toharani, na mistari 66 ya mapenzi ya Dido na Aeneas ikaondolewa. Ombi la Douglas halikusikilizwa.

Lakini kabla ya chapa hiyo, nakala mojawapo ya hati zile ilikuwa imefika mikononi mwa Henry Howard, mwana wa ukoo mkubwa aliyejulikana kwa cheo chake cha Surrey. Huyu ndiye wa tatu. Alitafsiri sehemu ya pili na ya nne ya Aeneid, na maneno mengi ya Douglas yanasikika ndani ya tafsiri yake. Kwa kuwa Surrey alikatwa kichwa tarehe 19 Januari 1547, miaka sita kabla ya chapa ya 1553, hapana shaka alimsoma Douglas katika hati ya mkono. Alichukua maneno, akaibakisha mizani kumi, akaviacha vina. Virgil hakuwa navyo. Kwa nini mfasiri avitafute, kisha alazimike kuongeza maneno ili avipate?

Surrey naye hakunusurika na mikono ya wengine. Yapata mwaka 1554 John Day alipiga chapa sehemu ya nne, na katika anwani yake wizani huo ukaelezwa kuwa ni mgeni. Mwaka 1557 Richard Tottel akazitoa sehemu zote mbili. Chapa hizo na hati ya mkono iliyobaki hazilingani: ya Tottel imenyooshwa zaidi, na mizani ambayo pengine Surrey aliiacha ikiyumba kwa makusudi imesawazishwa.

Hata hivyo njia ilikuwa imefunguka. Mwaka 1562 mchezo wa Gorboduc uliigizwa kwa mistari ya aina hiyo, wakafuata Marlowe na Shakespeare. Milton alipotoa Paradise Lost mwaka 1667, bado kutokuwepo kwa vina kuliwashangaza wasomaji, ikabidi mwaka uliofuata aandike maelezo ya kujitetea.

Mto huo ulifika hata kwenye Kiswahili. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari, nayo ilikuwa katika mistari isiyo na vina. Nyerere hakuwa adui wa vina. Mashairi yake mwenyewe aliyatunga kwa vina na mizani, na baadaye akatunga tenzi za Biblia. Miaka ya 1970 ulipozuka ubishi juu ya mashairi huru, kina kilisemwa kuwa ni uti wa mgongo wa ushairi, na kukiacha kuwa ni uasi. Surrey hakuasi. Alikuwa na kitabu cha Kilatini mbele yake, na hati ya Mskoti kando yake, akaona kwamba kina kingemlazimisha kumsemea Virgil yale ambayo Virgil hakuyasema.