Uwiano wa Mzigo: Nani Anamfaa Poni Huyu?

Msichana wa miaka 13 ameketi juu ya poni, na visigino vyake vinaning'inia chini ya tumbo la mnyama. Anayetazama kutoka nje ya uzio husema mara moja: "Mkubwa mno yule." Kauli hiyo inaeleweka, lakini haisaidii, kwa sababu neno "mkubwa" katika Kiswahili limebeba umri, cheo, kimo na unene kwa pamoja. Msichana huyu ana kosa gani? Ni mzito, au ni mrefu tu? Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake. Istilahi yoyote tutakayoichagua inapaswa kuyatenganisha.

Tuanze na poni mwenyewe. Wapo wanaomwita "farasi mdogo", na hapo kosa lile lile linarudi kwa mlango mwingine, maana mdogo huweza kuwa mchanga. Poni si mtoto wa farasi. Mtoto wa farasi atakua. Poni amekwisha kukua na hapo ndipo alipofikia. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi linaweka mpaka wake kwenye sentimita 148, kupima kutoka ardhini hadi kilele cha mabega, bila viatu vya chuma. Kwa hiyo ni afadhali tubaki na "poni", neno fupi linalotamkika vizuri.

Kimo hicho kina mtego mwingine kwa mtafsiri. Waingereza hupima farasi kwa kipimo wanachokiita "mkono", ambacho ni inchi 4 tu, yaani upana wa kiganja. Lakini sisi tayari tunao mkono wetu wa kupimia: ni dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Ukitafsiri neno kwa neno, poni wa "mikono 14" atakuwa na mita 6 na zaidi, amzidi twiga. Mimi naona "kitanga" kinafaa zaidi. Na vitanga 14.2 visisomwe kama desimali: maana yake ni vitanga 14 na inchi 2. Baada ya 14.3 huja 15.

Sasa uzito. Wataalamu hugawanya uzito wa mpandaji kwa uzito wa mnyama na kupata asilimia. Wengine wangeiita "uwiano wa mpandaji na farasi", ila jina hilo linaacha nje tandiko, vikuku, hatamu, buti na kofia ngumu. Mgongo wa poni haujui kuwa tandiko si mtu. Ndiyo maana napendekeza "uwiano wa mzigo": kila kilichopandishwa mgongoni, kwa uzito wa anayekibeba.

Mizani ya kupimia farasi haipatikani kila mahali, lakini utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Poni mwenye mzunguko wa sentimita 165 na urefu wa sentimita 140 atakuwa na kilo 321 hivi. Kikomo cha mzigo, asilimia 20 ya uzito huo, ni kilo 64, na tandiko pamoja na vifaa likiwa na kilo 7, mpandaji amebakiwa na 57.

Kwa nini 20? Kiwango hicho kimo katika mwongozo wa jeshi la wapanda farasi la Marekani wa mwaka 1920. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio waliwabebesha farasi 8 asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kufikia 25 na 30, mapigo ya moyo yalipanda na misuli ikauma. Baadaye Sue Dyson, daktari wa mifugo wa Uingereza, alijaribu na wenzake wapandaji 4 juu ya farasi 6. Majaribio ya wapandaji wawili wazito zaidi yalikatishwa, karibu yote kwa sababu farasi walianza kuchechemea, na mmoja wa wapandaji hao alikuwa chini ya asilimia 18. Kuchechemea huko kulikuwa kwa muda, lakini kunatuambia kwamba 20 si ruhusa. Ni ukuta ambao hufai kuukaribia. Kwa upande mwingine, huko Iceland farasi wenye kimo cha poni hubeba watu wazima kila siku, kwa kuwa mifupa na misuli yao ni minene kuliko kimo chao kinavyoonyesha.

Tahadhari moja naisisitiza sana: poni mnene hapati haki ya kubeba zaidi. Akinenepa kutoka kilo 320 hadi 380, hesabu itasema anaweza kuongezewa kilo 12, ilhali mafuta hayo ni mzigo alio nao tayari. Uzito wa kugawanyia ni ule anaopaswa kuwa nao akiwa na afya.

Kwa upande wa kimo ninatumia neno jingine, "ulinganifu", kwa sababu hapa hakuna namba moja ya kuamua. Mpandaji mrefu huweza kuwa mwepesi na bado akamsumbua poni: kiwiliwili chake kikiyumba, mnyama huyumba naye. Tandiko ndilo shahidi mzuri. Nyuma ya makalio ya mpandaji pabaki nafasi ya kitanga kimoja hivi, na tandiko lenyewe lisipite ubavu wa mwisho, kwa kuwa kiuno kilicho nyuma yake hakina mbavu za kukitegemeza. Mtu mzima huhitaji tandiko refu. Mgongo wa poni ni mfupi. Hapo ndipo wengi hushindana na maumbile. Yule msichana wetu, tandiko likimtosha na uwiano wake ukiwa asilimia 15, visigino vyake visimkoseshe poni wake.

Istilahi hii isiishie kwenye viwanja vya wapanda farasi. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki, baada ya malalamiko kuhusu punda wa Santorini wanaopandisha watalii, iliagiza mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake. Huo ni uwiano wa mzigo ulioandikwa kuwa agizo. Lamu nako punda hubeba watu, mchanga na mawe ya kujengea. Kwa moja ya tano hiyo, punda wa kilo 150 hubeba kilo 30. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50.