Kabla sendofu haijawa sendofu: historia ya usiku wa kumuaga binti

Saa mbili na nusu usiku, ukumbi umejaa. Meza hii sare ya kitenge, meza ile sare nyingine. MC anashusha muziki, anampa bibi harusi mtarajiwa kipaza sauti na kumwambia akamtafute mtu wake mwenyewe. Binti anazunguka, anampita shemeji, anampita yule rafiki wa bwana harusi aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi (kila sendofu ina mmoja), mpaka anamkuta kijana nyuma kabisa. Anamshika mkono, anampeleka mbele: "Baba, mama, huyu ndiye." Vigelegele.

Dakika hiyo ndiyo sendofu. Keki, drone, zulia jekundu, mashangazi wanaoingia wakicheza kwa dakika ishirini, hayo yote ni mapambo. Na dakika yenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani, maana kwa muda mrefu, siku za kuelekea ndoa, mtu aliyetakiwa kunyamaza kuliko wote alikuwa bibi harusi.

Pwani, Zanzibar, Mombasa na Lamu, siku hizo zilikuwa mali ya wanawake. Binti alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfunda tangu alipovunja ungo, na ndoa ilipokaribia ni huyohuyo aliyerudi kumkalisha ndani, kumsinga, kumtia hina na kumweleza mambo ambayo mama mzazi hayatamki. Bi Kidude, ambaye wengi wanamjua kwa taarabu tu, alikuwa mwalimu wa unyago hadi uzee wake, na ngoma ya msondo aliyoifunga kiunoni ilikuwa kifaa cha kufundishia kabla ya kuwa burudani ya jukwaani. Alifariki 2013. Binti mwenyewe alikaa kimya, kajifunika. Ridhaa yake iliulizwa, ndiyo, lakini kimya cha mwanamwali kilihesabiwa kuwa jibu. Hata neno fungate, ambalo leo watu wanalitumia kwa safari ya kwenda kupiga picha ufukweni, lilikuwa hesabu ya siku saba za maharusi kukaa ndani.

Msidhani kelele hazikuwepo. Wanawake walitoka na vugo, wakigonga pembe za ng'ombe kwa vijiti na kuimba mafumbo ya kumchoma jirani. Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi na karamu mpaka watu wakaingia kwenye madeni. Kwa hiyo anayesema kushindana kwenye sherehe kumeletwa na Instagram, hajui bibi zake walikuwa watu gani.

Bara hesabu ilikuwa nyingine. Mahari ilitoka upande wa kijana, na kwenye jamii nyingi karamu kubwa nayo ilikuwa kwao, kwa sababu wao ndio wanaopokea mtu. Kwa kina binti palikuwa na kuaga: wazee wanakaa, kinapikwa kilichopo, baba anasema maneno machache, mama anakabidhi vyombo na kanga, basi. Kilimanjaro mbuzi mzima alichomwa, na huyo ndafu leo amehama na Wachaga mpaka mjini. Sasa analetwa mezani kwa madaha, majani mdomoni, na anakatwa kama keki hata kwenye sherehe ambazo hazina Mchaga hata mmoja.

Jiulize sasa, kitu hicho kidogo kilikuaje mpaka kikahitaji ukumbi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisingeweza kukua. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Uganda, sukari, mchele, sabuni na unga vilikuwa vya foleni na mgao. Mwaka 1983 ilikuja operesheni ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye magunia matatu ya sukari ndani alikuwa na maelezo ya kutoa, hata kama yalikuwa ya harusi. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na maduka yakajaa tena. Mwaka 1994 televisheni binafsi zikaanza Tanzania Bara. Watu wakaona sherehe za wengine zinavyofanana, wakataka za kwao. Ndiyo miaka ambayo kicheni pati ilishika mjini, ikachukua kazi ya somo na kuibana kwenye mchana mmoja: mafunzo, zawadi za sufuria, na kungwi wa kukodi ambaye huenda hajawahi kumwona binti kabla ya siku hiyo. Hapo kuna kilichopotea, tusidanganyane.

Lakini sendofu ilibaki na jambo lake: ni usiku wa waliomlea. Ajabu ni kwamba Marekani nao wana usiku kama huo, ila umegeuzwa. Kwa desturi yao ya zamani wazazi wa binti ndio hulipia harusi, hivyo wazazi wa kijana huandaa chakula cha jioni baada ya mazoezi ya kanisani, mkesha wa ndoa. Kule watu wachache hula, husimuliana utoto wa maharusi, hulala mapema. Kila upande, asiyeshika harusi anapewa usiku wake.

Bongo, usiku huo umekuja kuwa mzito karibu kama harusi yenyewe. Zamani mjumbe wa kamati alizunguka na daftari na kadi za mchango, na kumkwepa ilitosha kutofungua mlango. Tangu 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, mlango hausaidii tena. Simu inakukumbusha, na kwenye grupu majina ya wasiotoa yanabaki bila tiki mbele ya wote. Familia zimegombana kwa hilo. Kuna mabinti wanaofika kwenye mazoezi kanisani wiki hiyo wakiwa hoi, mama anadaiwa na mpishi, baba haongei na kaka yake kwa sababu ya ahadi ya laki tano.

Halafu usiku unafika, muziki unashushwa. Baba aliyekuwa amenuna tangu asubuhi anapewa kipaza sauti, karatasi aliyoandika anaikunja na kuirudisha mfukoni, anamtazama binti yake. Watu mia tatu wananyamaza. Safari hii anayesubiriwa kusema ni yeye, na binti ameshasema lake.