Mtetezi wa Mgonjwa

Mtu asiye tabibu wala muuguzi, aghalabu mwanamke aliyeugua saratani ya titi akapona, ambaye kwa hiari yake na pasipo ujira huandamana na mgonjwa mpya tangu aambiwapo maradhi yake hadi amalizapo dawa, aweza kuitwa wakili wa mgonjwa, au mwombezi wake, au mtetezi wake. Nami naona kwamba ni hilo la tatu tu listahililo kubaki.

Kazi yenyewe si kongwe. Bibi Terese Lasser wa New York, aliyekatwa titi mwaka 1952, alianza kuwaendea vitandani wanawake waliopatwa na yaliyompata yeye, na matabibu wasio wachache wakamhesabu kuwa mfidhuli. Lakini mwaka 1969 Jumuiya ya Saratani ya Marekani iliitwaa kazi ile ikaifanya yake.

Wakili ni neno la heshima, na yumkini lilisikika Karagwe tangu zama za mfalme Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu walipokuwa na kituo chao Kafuro. Walakini wakili hushika mahali pa asiyekuwapo, na mgonjwa yupo, ameketi mbele ya daktari, na mwili ni wake. Mwombezi naye hutaka hisani, na atakaye hisani amekwisha kukiri kwamba hana haki. Kutetea ni kugombea kilicho cha mtu tayari. Tena Kiswahili kimekwisha kututangulia katika jambo hili, kwani hospitali na mahakama hutumia neno moja, rufaa: ashindwaye barazani hukata rufaa, na mgonjwa wa hospitali ya Nyakahanga, Karagwe, hupewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Basi tumtazame mwanamke wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliyezoea kueleza maumivu yake kwa Kinyambo, naye ameambiwa kwamba uvimbe wa titi lake utatolewa kipande kikapimwe. Majirani wamemwonya kuwa kisu huamsha saratani, na nauli ya kulizunguka ziwa hadi Mwanza ni fedha ya kahawa ambayo haijauzwa bado. Hapo aliyepitia njia ile humfaa kuliko karatasi yoyote: atamwambia kwamba pasipo kipimo hicho hakuna ajuaye dawa ipi imfae, kwamba nywele zikianguka kwa dawa za dripu kwa kawaida huota tena, na kwamba, ikiwa tezi za kwapani zimeondolewa, mkono wa upande ule waweza kuvimba, jambo ambalo daktari wa mjini huenda asilitilie uzito, lakini kwa mwenye kushika jembe migombani kila siku ni shauri zito la riziki. Na wale ambao saratani yao hustawi kwa homoni huandikiwa vidonge, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au zaidi. Ndipo mtetezi hupata kazi yake ndefu, maana mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani, kovu limekauka, watu wamempongeza, na kidonge cha leo hakionekani kuwa na faida.

Mtetezi haamuru dawa, wala hamkatizi tabibu. Usiku wa kuamkia safari huketi na mgonjwa wakayapanga maswali, na lile la kutisha kupita yote likatangulizwa. Asubuhi, mlangoni mwa daktari, humwuliza kama angependa waingie pamoja, na akiambiwa la, hungoja nje.