Ugawaji nasibu wa Mendel (moyo na figo)

Ugawaji nasibu wa Mendel ni njia ya kitakwimu inayotumia jeni alizorithi mtu ili kujua kama kitu fulani, kwa mfano presha, unene au asidi ya yuriki, ndicho kinachosababisha ugonjwa au kinafuatana nao tu. Katika tiba ya figo imetumika hasa kuchambua orodha ndefu ya vihatarishi vya moyo na kubaini vipi vinaharibu figo kweli. Haja yake iko wazi. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla ya kufikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, na wengi wao wana presha. Kipimo cha kliniki hakiwezi kusema kipi kilitangulia, presha au ugonjwa wa figo.

Asili

Jina limetoka kwa Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Mtoto hupata nakala moja ya kila jeni kwa mama na nyingine kwa baba, na ni bahati tu inayoamua nakala ipi imwangukie. Kwa hiyo waliorithi jeni za kupandisha presha na waliorithi za kuishusha ni kama makundi mawili ya jaribio la dawa yaliyopigiwa kura tangu mimba ilipotunga: kipato, mlo na sigara havikuwa na sauti katika kura hiyo. Mholanzi Martijn Katan alilitoa wazo hili mwaka 1986 katika barua fupi kwa jarida la The Lancet, akizungumzia kolesteroli na saratani. George Davey Smith na Shah Ebrahim walilijenga kuwa mbinu kamili mwaka 2003. Data za kutosha zilikuja baadaye, hasa kutoka UK Biobank, hazina ya Uingereza iliyoandikisha watu wapatao 500,000 kati ya 2006 na 2010, na kutoka muungano wa watafiti wa CKDGen.

Presha na jeni ya UMOD

Hapa ndipo utafiti umekwenda mbali zaidi. Jeni ya UMOD hutengeneza uromodulini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika mkojo wa mtu mzima wa afya, ambayo Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza tangu 1950. Kwa miaka mingi haikujulikana ina kazi gani. Mwaka 2009 Anna Köttgen na wenzake, wakipekua jeni za maelfu ya watu wenye asili ya Ulaya, walikuta kwamba toleo lake moja lisilo la kawaida sana linaendana na upungufu wa takriban asilimia 20 wa hatari ya ugonjwa sugu wa figo. Yaani toleo lenye madhara ndilo walilonalo wengi.

Namna linavyodhuru ilionekana mwaka 2013. Toleo hilo huzidisha uromodulini; ikizidi, sehemu nene ya mrija wa Henle ndani ya figo hurudisha chumvi nyingi mwilini badala ya kuiachia itoke na mkojo, na presha hupanda. Panya waliozidishiwa protini hiyo walipata presha na makovu ya figo. Wagonjwa wa presha wenye nakala mbili za toleo hilo waliitikia vizuri zaidi furosemidi, dawa inayoziba njia hiyohiyo ya kurudisha chumvi.

Ugunduzi huo mzuri uliwaletea watakwimu kikwazo. Njia ya Mendel hudai kwamba jeni inayowakilisha presha iifikie figo kupitia presha peke yake. UMOD hufanya kazi ndani ya figo yenyewe, hivyo anayeitumia kama kiwakilishi cha presha hupotoka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha wazi kwamba figo dhaifu hupandisha presha, lakini ushahidi wa upande wa pili, kwamba presha huharibu figo, haukuwa imara. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford walipata athari za pande zote mbili.

Asidi ya yuriki

Wagonjwa wa figo huwa na asidi ya yuriki nyingi, na madaktari wengi waliwaandikia alopurinoli, dawa ya kuishusha, hata wasio na jongo. Mwaka 2019 uchambuzi wa jeni haukuona kwamba asidi hiyo inasababisha ugonjwa wa figo. Mwezi Juni 2020 majaribio mawili, PERL na CKD-FIX, yalitoa jibu hilohilo: figo za waliomeza alopurinoli ziliendelea kudhoofika sawa na za waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kolesteroli na unene

Unene umethibitika kuwa kisababishi, kwa sehemu kupitia kisukari na presha. Kolesteroli mbaya haikuonyesha athari ya kueleweka kwa figo; jaribio la SHARP la 2011, la dawa za kushusha kolesteroli, lilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa ya damu kwa wagonjwa wa figo bila kuchelewesha ugonjwa wenyewe.

Tatizo la kreatinini

Kreatinini, inayotumika kupima kazi ya figo, hutoka kwenye misuli, kwa hiyo jeni inaweza kuipandisha bila figo kuguswa. Segun Fatumo na wenzake walipochunguza wanakijiji zaidi ya 3,000 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 2021, alama iliyojitokeza ilikuwa karibu na GATM, jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza kreatini, ambayo ndiyo chimbuko la kreatinini. Ndiyo maana matokeo hulinganishwa na kipimo cha sistatini C, kisichoegemea sana misuli. Hazina za Kiafrika bado ni chache mno kwa kazi hii.

Matumizi

Mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya tiba ya figo, unashauri wagonjwa wa figo wasio na dalili za jongo wasipewe dawa za kushusha asidi ya yuriki kwa lengo la kuchelewesha ugonjwa.