Bata au pata? Mashine na ulimi wa Bungoma

KWA miaka mingi, kutafuta jambo mtandaoni kulimaanisha kuandika, na kuandika kulidai tahajia. Tahajia ya Kiswahili nayo ina historia yake. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikaachwa nje, ilhali kikao kilifanyika nyumbani kwake. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia vitabu vya shule, na 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson.

Usanifishaji huo ulikuwa hasa wa maandishi. Mbukusu na Mdigo waliandika neno lile lile, kisha kila mmoja akalisoma kwa ulimi wake.

Sasa utafutaji kwa sauti umefufua mjadala tuliodhani umezikwa. Google ilianza kupokea maswali ya sauti kwenye simu 2008, kwa Kiingereza. Kiswahili kilisubiri hadi Agosti 2017, kilipokuwa miongoni mwa lugha 30 zilizoongezwa kwenye mfumo wake wa kutambua usemi. Mfumo huo hausomi tahajia, unasikiliza.

Hebu tufike Bungoma. Katika Lubukusu, sauti b, d na g husikika baada ya nazali tu, kama katika mb, nd na ng. Kwingineko utasikia p, t na k. Basi mzee anayeuliza ugonjwa wa bata wake huenda simu ikaandika “pata”, na dawa ikageuka “tawa”. Jirani yake humwelewa papo hapo, kwani anamjua mzee na bata wake pia. Mashine haina ujirani. Hukisia kutokana na sauti ilizolishwa, na isipolishwa za Bungoma, itamwona mzee ndiye anayekosea.

Wapo watakaosema picha inatosha. Ni kweli imesaidia. Viwavijeshi vamizi walishambulia mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma 2017, na mwaka uliofuata FAO na Chuo Kikuu cha Penn State wakazindua programu ya Nuru. Mkulima wa Kitale anaelekeza kamera kwenye jani, hata bila intaneti, na simu inamwambia kama ni wadudu hao. Jani halina lafudhi. Lakini picha haiulizi bei ya dawa, wala siku ngapi zipite baada ya kupuliza ndipo mahindi yaliwe. Hayo yanataka ulimi.

Nina matumaini kwa sababu ya kazi mbili. Mradi wa KenCorpus, wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya saa 177 za sauti za Kiswahili, Dholuo na Luhya, Lubukusu ikiwemo. Nao Common Voice wa Mozilla ulianza kazi ya Kiswahili 2021: mtu anasoma sentensi kwa sauti, wengine wanasikiliza na kuipitisha au kuikataa.

Huyo msikilizaji ndiye mjumbe wa 1928 wa zama hizi. Akikataa kila “pata” ya Mbukusu aliyesoma “bata”, anamfungia mlango mkulima anayetafuta dawa. Darasani tuendelee kufunza matamshi sanifu, sina ugomvi na hilo. Ila mashine ifunzwe kumsikia Mswahili jinsi anavyosema, si jinsi kamusi inavyomtaka aseme.