Mkondo wa Amali Uanzie kwa Mafundi wa Wilaya

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeirudisha Tanzania kwenye jambo ambalo nchi imekwisha kulijaribu mara mbili: kufundisha stadi za kazi katika shule za kawaida. Kwa mujibu wa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na anayeingia kidato cha kwanza husoma ama mkondo wa jumla ama mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Shule za kwanza zilianza kufundisha amali mwaka 2024. Tangu wakati huo mjadala mwingi umehusu majengo, vifaa na uhaba wa walimu, na macho yote yameelekezwa wizarani. Hoja ya makala haya ni kwamba mkondo huu utafaulu au kushindwa katika ngazi ya halmashauri. Halmashauri ndiyo inayosimamia shule, kutoa leseni za biashara na kukopesha vijana, yote chini ya mkurugenzi mmoja. Kwa hiyo mpango wake wa amali unapaswa kuanzia kwenye sehemu za kazi zilizopo wilayani, karakana ya shule ifuate baadaye.

Jaribio la kwanza, sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, limeandikiwa mno na halihitaji kurudiwa hapa. La pili lina mafunzo zaidi, na ni ajabu kwamba watunga mipango wa leo hawalitaji. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. George Psacharopoulos na William Loxley waliichunguza michepuo hiyo kwa ajili ya Benki ya Dunia, sambamba na mpango wa namna hiyo nchini Colombia, na kitabu chao kikatoka mwaka 1985. Walikuta kwamba wanafunzi walijua zaidi masomo ya mchepuo wao na kwamba kuwasomesha kuligharimu zaidi, lakini baada ya kumaliza shule hawakuwa na nafuu ya kueleweka katika kupata kazi wala kipato. Matokeo hayo yalichangia kuipunguzia Benki ya Dunia ari ya kufadhili ufundi katika sekondari. Wapo wanaoyachukua kama hukumu ya mwisho: shule ifundishe kusoma, kuandika, hesabu na sayansi, ufundi waachiwe waajiri. Hukumu hiyo inazidi ushahidi. Vijana waliochunguzwa walikuwa kidato cha nne mwaka 1981, miaka miwili baada ya Vita vya Kagera, wakati viwanda vilikosa vipuri kwa uhaba wa fedha za kigeni na mwajiri mkuu alikuwa Serikali na mashirika yake. Katika hali hiyo hata fundi hodari angekaa bure. Linalobaki baada ya kuondoa athari za msukosuko huo ni jambo jingine: mchepuo ulipangwa kutoka makao makuu, na karibu na shule hapakuwa na mwajiri yeyote aliyeulizwa anahitaji nini.

Mtaalamu wa elimu Philip Foster alikwisha kuliona hilo mwaka 1965 alipoitazama Ghana. Alidai kwamba mtaala haubadili matamanio ya kijana. Kijana husoma soko, akiona kazi ya ofisini inalipa kuliko ya shambani ataikimbilia hata kama amefundishwa kulima kwa miaka minne. Foster hutajwa kama adui wa elimu ya ufundi, lakini alichopendekeza ni mafunzo yasogezwe karibu kabisa na waajiri. Kenya ililipia somo hilohilo kwa bei kubwa zaidi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliingiza masomo ya ufundi nchi nzima kwa mpigo, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, nyingi zikabaki bila zana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa.

Tuchukue wilaya moja tuone tofauti inayoletwa na mahali pa kuanzia. Mufindi, mkoani Iringa, ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji wa Mafinga, na humo imo sehemu kubwa ya shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Huko misindano na mikaratusi hugeuzwa mbao, nguzo za umeme na karatasi, tena kuna mashamba ya chai. Halmashauri ikiombwa na wizara kuchagua fani za amali itaandika useremala, uashi, ushonaji na umeme wa majumbani, kwa sababu hizo zinajulikana na vitabu vyake vipo. Useremala ni fani ya heshima. Lakini anayetembelea mashine ndogo za kupasua mbao, zile wenyeji waziitazo dingdong, ataona tatizo liko hatua kadhaa kabla ya seremala. Msumeno wa duara ni mnene, mara nyingi haukunolewa wala kunyooshwa sawasawa, na sehemu kubwa ya gogo huishia vumbi. Mbao zinazotoka zina unene usiolingana, hupangwa mbichi kwenye lori, zikifika sokoni zimepinda. Wanaokosekana hapo ni mtu wa kunoa na kunyoosha misumeno, fundi wa mota na injini za dizeli, mtu anayejua kukausha mbao na kupima unyevu wake, na karani awezaye kukokotoa ujazo wa gogo bila kukisia. Kazi hizi nne zinadai hisabati na fizikia ya kidato cha pili zaidi ya zinavyodai jengo jipya. Waajiri wake wanafahamika kwa majina: afisa biashara ana leseni zao, na Wakala wa Huduma za Misitu ina orodha ya waliopewa vibali vya kuvuna. Orodha hizo mbili zikiwekwa juu ya meza ya afisa elimu sekondari, nusu ya mpango imekamilika.

Nusu ya pili ni mwalimu. Karakana ya shule ikikosa fundi hugeuka ghala, na vyuo vya ualimu haviwezi kuwatoa wakufunzi wa amali kwa kasi inayotakiwa na halmashauri 184. Mafundi wapo, isipokuwa wengi hawana cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti kwa kile anachokiweza. Halmashauri ingewapitisha humo mafundi wake bora, kisha ikawalipa kwa saa wafundishe shuleni siku mbili kwa wiki, na siku ya tatu wanafunzi wawafuate kwenye gereji au kiwandani.

Kuna jambo la umri ambalo mipango mingi inalipita. Mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka sita atamaliza kidato cha nne na miaka 16. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya vijana, hutolewa kwa waliofikisha miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza kumwajiri aliye chini ya umri huo katika kazi za hatari, na kiwanda cha mbao hakika kina hatari. Basi mhitimu wa amali atakaa miaka miwili bila mtaji na bila mwajiri wa kiwandani anayeruhusiwa kumpokea, muda wa kutosha kusahau alichojifunza na kuhamia bodaboda. Sheria hiyohiyo inaacha mlango: kazi iliyo sehemu ya mafunzo yaliyowekewa utaratibu inaweza kuruhusiwa. Mlango huo ni uanagenzi. Kwa sababu hiyo mpango wa halmashauri uwe wa miaka sita, minne shuleni na miwili chini ya fundi kwa mkataba, na mkopo umkute kijana akiwa tayari na wenzake wa kuunda nao kikundi.

Watakaopinga watauliza kwanza kama halmashauri maskini zina uwezo. Mapato ya ndani ya wilaya ya vijijini hayalingani kabisa na ya Jiji la Dar es Salaam, na hilo halina ubishi. Ila ninachokidai ni rahisi kuliko kinachofanywa sasa, maana kumlipa fundi kwa saa ni nafuu kuliko kujenga karakana na kuijaza mashine zisizo na mwendeshaji. Wengine watasema mpango wa wilaya utamfunga mtoto wa Mufindi kwenye magogo wakati mtoto wa Mikocheni, Dar es Salaam, anasomea kompyuta. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake ni kuchagua ujuzi badala ya bidhaa. Anayeweza kutengeneza mota ya kiwanda cha mbao ataitengeneza ya kinu cha Kahama, ilimradi cheti chake kitambulike nchi nzima na njia ya kidato cha tano ibaki wazi kwake. Njia hiyo ikizibwa, wazazi watauona mkondo wa amali kama jalala la walioshindwa, na kwa mantiki ya Foster watakuwa wameona sawa.

Pingamizi gumu kuliko yote ni unyonyaji. Mwanagenzi wa mtaani anajulikana: mwaka mzima anafagia, anatumwa chai, anashika tochi. Cheti hakiondoi tabia hiyo, wala hotuba ya afisa. Kinachoweza kuipunguza ni mkataba unaotaja kazi atakazoziweza mwanafunzi kila muhula, upimaji unaofanywa na mtu asiyekuwa fundi wake, na halmashauri kuwa tayari kuwaondoa wanafunzi kwa fundi anayewatumikisha, hata akiwa ndugu wa diwani. Bila masharti hayo matatu ni heri wanafunzi wabaki darasani.

Madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri. Msimu ujao watakapoletewa ombi la kujenga karakana ya amali, waitake orodha ya sehemu za kazi zilizokubali kupokea wanafunzi, majina ya mafundi watakaofundisha, na idadi ya wahitimu wanaotarajiwa kupata uanagenzi. Ombi lisilo na orodha hiyo lirudishwe kwa afisa elimu.